Hatari mbili zinazotambaa sakafuni

Moja huondoa rangi ya kucha. Nyingine hutoa ule moshi mweupe wa harusini. Zote mbili hutoweka machoni bila kuacha hata tone, lakini haziendi mbali. Makala haya yanalinganisha asetoni na barafu kavu, na kueleza kwa nini mtoto anayecheza sakafuni ndiye anayeweza kudhurika kwanza.

ILIKUWA Jumamosi, siku ya harusi ya mdogo wangu. Kufikia saa kumi na mbili asubuhi nyumba yetu ilikuwa imejaa watu hadi pomoni. Jikoni shangazi zetu walikuwa wakipika chapati, uani wajomba walikuwa wakichuna mbuzi, na chumbani bibi harusi alikuwa ameketi kitandani, vidole vyake vimetumbukizwa katika bakuli la glasi lililokuwa na asetoni ili rangi ya zamani itoke kwenye kucha.

Kulikuwa na baridi kali. Shangazi mmoja, kwa huruma zake, aliingia na jiko la makaa akaliweka karibu na mlango ili chumba kipate joto. Dada aliyekuja kutoka saluni aliruka kama aliyeumwa na siafu.

"Mama, samahani sana, hilo jiko litoke nje kwanza," alisema.

"Kwani hiyo ni petroli?" shangazi aliuliza huku akicheka.

"Si petroli, mama, lakini moto zinapenda sawa."

Jiko lilitolewa. Sisi wengine tulitazamana tukatabasamu. Tulimwona dada huyo kuwa mwoga kupita kiasi.

Jioni ya siku hiyo hiyo tulikuwa ukumbini. Maharusi walipoinuka kucheza, kijana aliyekodiwa aliufungua mtambo wake na moshi mweupe ukaanza kutiririka sakafuni kama mawingu. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Watoto walikimbilia katikati, wengine wakalala kifudifudi na kujifanya wanaogelea. Nje mvua ilikuwa ikinyesha na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Nyanya hakuwa akiwatazama maharusi. Alikuwa akiwatazama wajukuu wake. Ghafla alipenya katikati ya wachezaji, akainama ndani ya ule moshi na kuibuka na mpwa wangu wa miaka minne.

"Huyu mtoto amelegea," alisema.

Mtoto alikuwa akihema upesi upesi na macho yake yalikuwa mazito kama ya mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Tulimtoa nje kwenye baraza penye upepo. Baada ya muda alianza kulia, na sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama nilivyokifurahia kile.

Nilipomwendea kijana wa mtambo kumwuliza alichokuwa ameweka humo, alinijibu bila wasiwasi: "Hiyo ni barafu kavu tu, dada. Haiwaki, hainuki, haina neno."

Basi tafakari, msomaji. Siku ile moja tulikaa na vitu viwili vya hatari. Kimoja tulikitolea jiko nje. Kingine tuliwaacha watoto waogelee ndani yake. Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza walimu wa kemia na kupekua vitabu ili nijue vitu hivi viwili vinafanana wapi na vinatofautiana wapi. Haya ndiyo niliyoyapata.

ASETONI NI KITU GANI?

Asetoni ni majimaji yasiyo na rangi, mepesi kuliko maji, yenye harufu kali iliyochanganyika na utamu. Ni mojawapo ya viyeyushi, yaani majimaji yanayoweza kuyeyusha vitu vingine. Maji pia ni kiyeyushi, kwani huyeyusha chumvi na sukari. Lakini mwagia maji rangi ya kucha iliyokauka, au gundi ile kali inayoganda kwa sekunde chache, uone kama itajali. Asetoni huviyeyusha vitu hivyo kwa dakika chache tu. Hata vile vikombe vyeupe vya plastiki, vyepesi kama pamba, hunywea na kuwa kama ute vikitiwa asetoni. Hii ndiyo sababu dada yule wa saluni alikuja na bakuli la glasi, na ndiyo sababu hufai kufutia asetoni miwani ya plastiki au meno ya bandia.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba asetoni haina subira. Maji huchemka yakifika nyuzi 100 sentigredi katika usawa wa bahari. Asetoni huchemka kwa nyuzi 56 tu. Lakini haingoji kuchemka ndipo igeuke mvuke. Ukiimwaga mezani asubuhi yenye baridi, huanza kukauka papo hapo, na mkono wako huhisi ubaridi kwa sababu inapogeuka mvuke huchukua joto la ngozi.

Mvuke huo hushika moto kwa urahisi wa ajabu. Hata asetoni ikiwa na baridi kama ya friza ya nyumbani, yaani nyuzi 18 chini ya sufuri, bado hutoa mvuke wa kutosha kuwaka pakiwa na cheche. Hewa ikiwa na mvuke wake kiasi cha asilimia 2.5 tu, imekuwa tayari kuwaka. Chupa ndogo ya mililita 100 ikimwagika na kukauka yote hutoa takriban lita 33 za mvuke. Kiasi hicho chaweza kuifanya hewa ya zaidi ya lita 1,000 iwe ya kulipuka.

Yafaa pia tujue kwamba asetoni ina historia ndefu, na mahindi yetu haya yana sehemu ndani yake. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walihitaji asetoni kwa wingi ili kutengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi. Mkemia mmoja aliyekuwa Manchester, Chaim Weizmann, alikuwa amegundua bakteria wanaoweza kuuchachusha wanga wa mahindi ukatoa asetoni. Mahindi yalipokuwa haba mwaka 1917, watoto wa shule nchini Uingereza waliombwa waokote mbegu za miti fulani ili zitumiwe badala yake. Weizmann huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Israeli mwaka 1949. Siku hizi asetoni nyingi hutengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli.

BARAFU ISIYOLOWESHA

Barafu kavu si maji yaliyoganda. Ni kaboni dioksaidi, ile gesi tunayoitoa puani tunapopumua na inayofanya soda itoe povu, ambayo imegandishwa hadi ikawa ngumu kama jiwe jeupe. Baridi yake ni nyuzi 78.5 chini ya sufuri.

Kinachoishangaza akili ni kwamba haiyeyuki. Barafu ya kawaida ikiachwa mezani huwa maji, kisha maji yakakauka. Barafu kavu huruka hatua ya katikati: kutoka kuwa jiwe huwa gesi moja kwa moja. Ili ipate kuwa majimaji ni lazima ibanwe kwa nguvu zaidi ya mara tano ya mgandamizo wa hewa tunayoishi ndani yake. Mezani pako hakuna nguvu hizo, na kwa hivyo huwezi kuona hata tone.

Mfaransa Thilorier ndiye aliyeieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1835. Alikuwa amehifadhi kaboni dioksaidi ya majimaji ndani ya chombo cha chuma, na alipoifungulia aliona ikitoka na kugeuka kitu kama theluji. Ilichukua karibu miaka 90 kabla ya barafu hiyo kuanza kuuzwa kibiashara huko Marekani katika miaka ya 1920.

Hapa kwetu Kenya, gesi hii haitoki mbali. Huko Kereita katika Kaunti ya Kiambu hutoka ardhini yenyewe, na kampuni ya Carbacid huichimba na kuisafisha. Hutumiwa katika soda, katika vizima moto na kutengenezea barafu kavu.

Kazi za barafu kavu ni nyingi na za maana. Hubebea aiskrimu, samaki, nyama na sampuli za damu. Wakati wa janga la Covid-19, chanjo ya Pfizer iliyohitaji baridi ya karibu nyuzi 70 chini ya sufuri ilisafirishwa duniani kote ndani ya masanduku yaliyojazwa barafu kavu. Hatuwezi kuipuuza kwa sababu ya harusi moja.

Je, ule moshi wa ukumbini ni nini? Wengi hudhani ndio gesi yenyewe. La hasha! Kaboni dioksaidi haionekani kwa macho. Mtambo hutumbukiza barafu kavu katika maji ya moto, gesi baridi ikatoka kwa kishindo, na mvuke wa maji ukaganda kuwa vitone vidogo mno kama ukungu wa Limuru. Tunachokiona ni ukungu huo wa maji. Gesi yenyewe imejificha ndani yake, na ukungu ukitoweka haina maana kwamba gesi nayo imetoweka.

WAPI ZINAFANANA

Mtu akiviweka vitu hivi mbele yake, ataona vinapingana katika kila jambo. Kimoja ni majimaji, kingine ni jiwe. Kimoja huwaka, kingine huzima moto. Kimoja kina harufu, kingine hakina. Lakini kuna jambo moja ambalo vyote viwili hufanya, na hilo ndilo lililoniudhi nilipolijua kwa kuwa laiti ningelijua mapema.

Vyote viwili hutoa gesi iliyo nzito kuliko hewa. Kaboni dioksaidi ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu. Mvuke wa asetoni ni mzito mara mbili. Kitu kizito hushuka chini. Katika chumba kisicho na upepo, mvuke wa asetoni hushuka kutoka mezani, hutambaa sakafuni na unaweza kulifikia jiko lililo hatua kadhaa kutoka hapo. Ukilikuta jiko, moto hurudi nyuma kwa njia ile ile hadi kwenye bakuli. Dada wa saluni hakuwa mwoga. Alikuwa akijua kazi yake.

Gesi ya barafu kavu nayo hushuka vivyo hivyo. Kilo moja ya barafu kavu hutoa takriban lita 540 za gesi. Tuchukue mfano wa kilo tano zilizotumiwa kwenye uwanja wa kuchezea wenye mita tano kwa tano. Gesi yake, kama ingetulia bila kutawanyika, ingetandaza tabaka la zaidi ya sentimita 10 juu ya sakafu yote hiyo. Ikichanganyika na hewa hadi kimo cha nusu mita, hewa hiyo huwa na zaidi ya asilimia 20 ya kaboni dioksaidi. Mtu mzima aliyesimama pua yake iko juu kabisa ya hayo yote, akicheka na kupiga picha. Mtoto aliyelala kifudifudi anapumua humo ndani.

Hewa ya kawaida ina kaboni dioksaidi asilimia 0.04 tu. Ikifika asilimia tano, kichwa huuma na mtu huhema kwa nguvu. Ikifika asilimia 10, aweza kupoteza fahamu baada ya dakika chache. Wengi hudhani gesi hii huua kwa kuinyima hewa oksijeni tu. Hilo ni kweli, lakini si ukweli wote. Ikizidi mwilini huifanya damu kuwa na asidi nyingi na kuuvuruga ubongo hata kama oksijeni ingalipo.

KULIPOTOKEA MAAFA

Watu wanaoishi karibu na Goma, chini ya mlima wa volkeno wa Nyiragongo huko Kongo, hawahitaji kufundishwa haya. Kuna mabonde na mashimo ambamo kaboni dioksaidi hutoka ardhini na kutuama, hasa usiku na alfajiri kabla ya upepo kuvuma. Wazungumzaji wa Kiswahili wa huko huyaita mazuku. Mbuzi akishuka humo hufa, na mtoto akimfuata mbuzi hufa pia, ilhali mtu mzima aliyesimama ukingoni hahisi lolote.

Maafa makubwa zaidi ya aina hii yalitokea nchini Kameruni usiku wa Agosti 21, 1986. Ziwa Nyos lilitapika wingu la kaboni dioksaidi iliyokuwa imejikusanya chini ya maji yake. Gesi ilitiririka mabondeni kama mafuriko. Watu wapatao 1,700 walikufa pamoja na maelfu ya mifugo, wengi wao wakiwa vitandani. Hapakuwa na moto wala nyumba iliyobomoka.

Barafu kavu ni gesi hiyo hiyo, tofauti ni kwamba imefungwa kwa kilo. Mnamo Julai 2018, katika jimbo la Washington nchini Marekani, mama mmoja mzee alikufa na mkaza mwanawe akapoteza fahamu ndani ya gari lililokuwa na masanduku ya barafu kavu ya kuhifadhia aiskrimu. Februari 2020 mjini Moscow, watu watatu walikufa katika sherehe ya kuzaliwa baada ya zaidi ya kilo 20 za barafu kavu kumwagwa kwenye bwawa la kuogelea la ndani ili litoe moshi wa kupendeza. Nia yao haikuwa tofauti na yetu siku ya harusi.

Ndiyo maana mashirika ya ndege humruhusu abiria kubeba barafu kavu isiyozidi kilo 2.5, tena kwa idhini.

WAPI ZINATOFAUTIANA

Tofauti ya kwanza ni onyo. Asetoni hujitangaza. Pua huinusa kabla haijafika kiwango cha kuwaka, na mwenye akili hufungua dirisha. Barafu kavu hainuki. Onyo lake pekee liko ndani ya mwili: mtu huanza kuhema bila kukimbia, kichwa humgonga, na pua humchoma kama aliyevuta gesi ya soda. Mtu mzima aweza kulitambua onyo hilo. Mtoto wa miaka minne atadhani amechoka kucheza.

Tofauti ya pili ni jinsi zinavyoumiza ngozi. Asetoni huondoa mafuta ya ngozi na kuiacha imekauka na kupasuka, lakini tone likikugusa huna la kuogopa. Barafu kavu huunguza kwa baridi. Ukiishika kwa mkono mtupu kwa muda mfupi tu, ngozi huganda na kufanya malengelenge kama ya mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Tofauti ya tatu ni chombo cha kuhifadhia. Asetoni hutakiwa kufungwa kwa kifuniko kinachobana ili isivuke. Barafu kavu kamwe haifungwi hivyo! Gesi yake hutaka mahali pa kutokea, na ikitiwa ndani ya chupa ya soda na kufungwa, chupa hupasuka kama bomu. Zipo habari za vijana waliojaribu mchezo huo na kujeruhiwa.

Tofauti ya nne huenda ikakufurahisha. Kizima moto cha kaboni dioksaidi ni mojawapo ya vifaa vinavyofaa kuzimia moto wa asetoni. Gesi ile ile inayoweza kumkaba mtoto huukaba moto pia.

Vitu hivi viwili vina mahali pengine pia vinapokutana kwa wema. Katika maabara, wanakemia huchanganya vipande vya barafu kavu na asetoni ili kupata majimaji yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sufuri. Asetoni huganda kwa takriban nyuzi 95 chini ya sufuri, kwa hivyo hubaki majimaji na kukizunguka chombo kilichotumbukizwa humo pande zote, kazi ambayo mapande makavu ya barafu hayawezi kuifanya vyema. Hiyo ni kazi ya maabara yenye mtambo wa kuvuta hewa. Si ya jikoni.

ZIMO HATA MWILINI

Kabla hatujavihukumu vitu hivi, tukumbuke kwamba vyote viwili hutengenezwa ndani yetu. Pumzi tunayoitoa ina kaboni dioksaidi kama asilimia nne. Na mwili unapokosa sukari ya kutumia, kwa mfano mtu anapofunga kwa muda mrefu, huchoma mafuta na kutoa asetoni kidogo.

Hili lina maana kubwa kwa familia zenye mgonjwa wa kisukari. Ukimkuta anahema kwa nguvu, anatapika au amelegea, na pumzi yake inanuka kama dawa ya kutoa rangi ya kucha au matunda yaliyoiva kupita kiasi, usingoje kesho. Mpeleke hospitali mara moja. Kwa watoto, huenda hiyo ikawa ndiyo dalili ya kwanza ya wazazi kujua kwamba mtoto ana kisukari.

MAMBO YA KUZINGATIA NYUMBANI

Kwanza, asetoni itumiwe mahali penye hewa, mbali na jiko, mshumaa, kibiriti na sigara. Usisahau kwamba mvuke wake uko sakafuni, si mezani. Aidha, jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari hata pasipo asetoni, kwa sababu hutoa gesi nyingine ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi.

Pili, pamba na vitambaa vilivyolowa asetoni vianikwe nje vikauke kabla ya kutupwa. Chupa ifungwe na kuwekwa juu wasipofika watoto. Baadhi ya thina za mafundi wa rangi huwa na asetoni pia, kwa hivyo zipewe heshima hiyo hiyo.

Tatu, mtoto akinywa asetoni, usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali ukiwa na chupa yenyewe. Ikimwingia machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha amwone daktari.

Nne, barafu kavu ishikwe kwa glavu nene au koleo, na isitiwe kinywani wala kuachwa ndani ya glasi ya kinywaji. Mtu akiungua, sehemu hiyo iwekwe kwenye maji ya uvuguvugu, isisuguliwe, na apelekwe kwa daktari.

Tano, ukisafirisha barafu kavu kwa gari, fungua madirisha na usimwache mtu ndani ya gari lililofungwa. Usiiweke chumbani mnamolala. Chumba cha mita tatu kwa tatu kikifungwa, kilo mbili tu zikigeuka gesi zote huifikisha hewa karibu asilimia tano, na chini kitandani huenda ikawa zaidi.

Sita, barafu iliyobaki iache nje mahali palipo wazi ipotee yenyewe, mbali na watoto. Usiitupe kwenye sinki kwa kuwa baridi yake hupasua mabomba.

Saba, ukimkuta mtu amezirai mahali penye gesi hii, usikimbilie kuinama karibu naye. Fungua milango na madirisha, ita wenzako, na mvuteni upesi hadi nje. Kama ni shimoni au kisimani, asishuke mtu. Waiteni wazima moto. Mara nyingi katika ajali za aina hii, mwokoaji huwa maiti ya pili.

Nane, ukikodi moshi wa sherehe, mwulize mwenye mtambo anatumia nini na kiasi gani. Kama ni barafu kavu, milango na madirisha yafunguliwe hata kama mvua inanyesha, na watoto wakae vitini au wabebwe hadi ukungu utoweke na hewa ibadilike.

Mwezi uliopita tulialikwa katika harusi nyingine. Moshi ulipoanza kumwagika, mpwa wangu, ambaye sasa anasoma darasa la kwanza, alitaka kukimbilia katikati kama wenzake. Nyanya alimshika mkono.

"Kaa hapa juu ya mapaja yangu," alimwambia. "Utaona vizuri zaidi."

Mimi niliinuka kwenda kufungua madirisha. Wageni wawili watatu walininung'unikia kwamba ninawaletea baridi. Niliwaomba radhi, nikaendelea kufungua. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na baridi ya usiku mmoja haijamwua mtu.